Lile zege la Adelphi: jinsi ya kujijengea kiwanja cha skeitibodi na washkaji



Mhariri ameniomba nieleze habari ya "lile zege lenu", maana wanachama wengi wamepita pale Adelphi Jumamosi asubuhi, wakaona watu wazima wamevaa magwanda wanakoroga zege kwa beleshi, na wakadhani ni kibarua. Kuna ndugu mmoja alisimamisha gari kabisa akauliza saa moja inalipwa dola ngapi. Hailipwi hata senti. Sio boksi jamani. Tunajenga kiwanja cha kuteleza na skeitibodi, na mpaka sasa tuna ukuta mmoja uliopinda, viti viwili virefu vya zege na kilima kimoja kidogo ambacho Mkenya wetu anakiita Ngong.

Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Mtu ana miaka 30, anasomea uhandisi, nyumbani wanajua yuko maabara, kumbe yuko juu ya ubao wenye magurudumu manne pamoja na vijana wa miaka 19. Sawa, chekeni. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, kwa hiyo si utoto tena kama tulivyozoea kuambiwa. Lakini sitaki kuutetea mchezo hapa. Ninachotaka kueleza ni ujenzi, kwa sababu katika yote niliyofanya tangu nifike nchi hii ndio kazi pekee ambapo nilichojifunza darasani, nilichokiona kwa mafundi wa Tanga, na shida zangu za karatasi za uhamiaji vimekaa kwenye karai moja.

Nianze na swali ambalo kila mtu anauliza: kwa nini mjenge, si kuna barabara na viwanja kila mahali? Jibu liko kwenye gurudumu. Gurudumu la skeitibodi ya kawaida lina kipenyo cha milimita 52 hadi 54 hivi, dogo kuliko ngumi yako, na ni gumu. Likikutana na ufa wa sentimita moja au kokoto moja, linasimama, na wewe unaendelea. Lami ya maegesho ya magari ni kama msasa mkubwa, unasukuma kwa nguvu na mwendo unaishia njiani. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani magurudumu yalikuwa ya chuma au ya mchanganyiko mgumu uliokuwa ukiitwa "udongo". Aliyeleta mabadiliko alianzia huku huku kwetu. Mnamo 1970 kijana aliyeitwa Frank Nasworthy aliyaona magurudumu ya poliyurethani kwenye kiwanda kimoja cha Purcellville, Virginia, magharibi mwa Washington, akayafunga kwenye ubao wake, akaona yanashika barabara bila kelele. Baadaye alihamia California akaanza kuyauza kwa jina la Cadillac Wheels, na mchezo mzima ukabadilika. Hata hivyo poliyurethani haikuondoa haja ya sakafu laini. Ilichofanya ni kuwaongezea watu hamu ya kuitafuta.

Sakafu laini katika eneo hili ipo, tena nzuri sana, tatizo ni kwamba ipo mahali pabaya. Katikati ya Washington kuna Freedom Plaza, kwenye Pennsylvania Avenue, ambayo wachezaji wanaiita Pulaski kwa sababu ya sanamu ya Jenerali Pulaski iliyoko pale. Ni uwanja wa mawe yaliyosuguliwa, wenye ngazi na kingo za kila kimo, na tangu miaka ya 1990 umekuwa kama Maka ya wachezaji wa pwani hii. Lakini ardhi ile iko chini ya idara ya serikali kuu inayosimamia hifadhi za taifa, na kuteleza pale ni marufuku. Ukikamatwa unaandikiwa faini ya serikali kuu, sio ya mtaa. Mshkaji wangu wa Baltimore ana faini tatu za namna hiyo, kazibandika ukutani kama vyeti vya kuhitimu.

Sasa hapo ndipo sisi na yeye tunapoachana njia. Machi na Aprili 2025 serikali ya Marekani ilifuta rekodi za SEVIS za maelfu ya wanafunzi wa kigeni. Wengi wao hawakuwahi kuhukumiwa kwa lolote. Majina yao yalikuwa yameonekana tu kwenye hifadhidata za polisi, mwingine kwa kosa la barabarani, mwingine kwa kesi iliyokwisha kufutwa zamani. Kesi zilifunguliwa mahakamani katika majimbo mengi, na mwishoni mwa Aprili serikali ikasema inazirudisha rekodi hizo. Lakini kwa wiki kadhaa kulikuwa na watu wenye thesisi nusu na tiketi ya kurudi nyumbani mkononi. Baada ya hapo nilikaa na wenzangu wawili, Mkenya na Mganda, tukaambizana wazi: Mmarekani akiandikiwa kuingia eneo la watu bila ruhusa, analipa na kusimulia. Sisi tukiandikiwa karatasi hiyo hiyo, hatujui itafunguliwa na nani, lini, kwenye kompyuta gani.

Kwa hiyo kwetu ujenzi ulianza na ruhusa, na naomba msomaji asiiruke sehemu hii kukimbilia kwenye zege.

Ni kweli kwamba utamaduni wa viwanja hivi vya kujijengea haukuanza kwa ruhusa. Kile kinachotajwa kuliko vyote kiko Portland, Oregon, chini ya daraja la Burnside. Mwaka 1990 wachezaji walianza kumwaga saruji dhidi ya ukuta wa daraja bila kumuuliza mtu. Wakaongeza kidogo kidogo, majirani wenye biashara wakaona eneo ambalo zamani lilikuwa la hatari sasa lina watu na linafagiwa, wakawatetea, na mwishowe mji ukakubali. Philadelphia nako, chini ya barabara kuu ya I-95 kwenye bustani ya FDR, mji uliweka vizuizi vichache miaka ya 1990, wachezaji wakaviona havina maana, wakamwaga vya kwao. Ukienda leo ni kama mji mdogo wa zege. Hizi ndizo hadithi wanazosimuliwa vijana, na ni hadithi tamu. Kisichosimuliwa ni vile vingi vilivyokutana na tingatinga wiki ya tatu. Hapa kwetu, kabla sijafika, jamaa walikuwa wamejenga kitu kizuri chini ya daraja moja. Wenye eneo wakaja asubuhi wakakivunja, na kazi ya miezi miwili ikaishia kwenye lori.

Kuna mfano mwingine, na huu ni wa nyumbani. Mganda wetu amekulia Bugolobi, Kampala, si mbali na Kitintale. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, wakiongozwa na Jackson Mubiru akishirikiana na Shael Swart wa Afrika Kusini, walijenga kwa mikono yao rampu ya kwanza ya aina yake Uganda, na wakaanzisha Uganda Skateboard Union. Kitintale si mtaa wa matajiri. Mbao za kutelezea zilikuwa chache na watoto walipokezana. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, alipiga picha zilizokitangaza kiwanja hicho ulimwenguni. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba waliojenga ni majirani wa pale pale, mbele ya wazazi wao, mchana kweupe. Baadaye vikaja vingine vyenye msaada mkubwa zaidi wa nje: Nairobi, kwenye kituo cha watoto cha Shangilia, mwaka 2013, Addis Ababa mwaka 2016, na hiki kilijengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi pamoja na vijana wenyewe wa Ethiopia. Sasa mtu akiniambia hiki ni kitu cha Wazungu namuuliza kama anajua msaragambo ni nini. Mkenya ana harambee, Mganda ana bulungi bwansi, Mnyarwanda ana umuganda, na ndugu zetu wa Kongo wanaikumbuka salongo, ingawa ile ya enzi za Mobutu haikuwa hiari sana. Kukusanyika na majembe kufanya kazi isiyo na mshahara ni jambo ambalo hatukuhitaji kufundishwa na mtu.

Turudi Adelphi. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ndugu. Lilitokana na kinu cha kusagia nafaka ambacho ndugu wawili, Issachar na Mahlon Scholfield, walikijenga mwaka 1796 kando ya kijito cha Northwest Branch, na kinu hicho kingali kimesimama. Sisi tunakaa nyumba ya kupanga kati ya kinu hicho na chuo. Karibu yetu kuna kanisa dogo lenye uwanja wa zamani wa tenisi ambao haujachezwa miaka mingi: lami imepasuka, nyavu hakuna, majani yanatoka kwenye nyufa. Tulimwendea mchungaji watatu, tumevaa mashati, na mchoro mkononi. Tulimweleza mambo manne tu: tutajenga nini, tutafagia lini, nani wa kupigiwa simu pakitokea kelele, na kwamba siku akisema tuondoe tutaondoa wenyewe. Alitaka kujua mtu akivunjika mkono itakuwaje. Maryland ina sheria inayompunguzia mwenye ardhi dhima pale anapowaruhusu watu kujiburudisha kwenye eneo lake bila kuwatoza. Tukampa aisome, tukamwomba amwonyeshe wakili wa kanisa na kampuni yao ya bima, kwa sababu mimi ni mhandisi na si wakili. Ilichukua wiki saba. Jibu lilikuja kwa maandishi, ukurasa mmoja wenye sahihi, na nakala yake iko kwenye simu ya kila mmoja wetu. Polisi alishapita mara moja, akasoma, akauliza kama ule ukuta unaweza kumbeba mtu wa kilo 110, akaondoka.

Kingine cha kabla ya kuchimba hata shimo la mche: piga 811. Ni namba ya bure ya nchi nzima. Watakuja kuweka alama za rangi mahali bomba la gesi, maji na nyaya zilipopita. Usichimbe kabla hawajafika.

Haya, sasa hesabu. Ukuta uliopinda ndio moyo wa kiwanja, na ndipo wengi wanapobahatisha. Umbo lake ni kipande cha duara. Unaingia na mwendo chini, unapanda, unageuka juu, unarudi. Chukua ukuta wetu wenye kimo cha mita 0.9. Mtu anayeshuka kutoka juu yake anafika chini na mwendo wa mita 4.2 kwa sekunde, yaani kama kilomita 15 kwa saa, na hiyo ni fizikia ya kidato cha tatu tu, nguvu ya kimo kugeuka kuwa mwendo. Anapopita kwenye tao, tao linamsukuma juu, na msukumo huo ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha duara. Tukichagua nusu kipenyo cha mita 2.1, mtu wa kilo 70 anahisi magotini kama ana kilo 130. Tukifanya tao kuwa kali, nusu kipenyo cha mita 1.2, anahisi kilo 175. Vijana wanapenda kali. Mimi nina magoti yaliyobeba boksi miaka miwili ghalani, nikapiga kura ya 2.1 na nikashinda.

Kwa vipimo hivyo ukuta unakula mita 1.72 za ardhi kutoka unapoanza kupinda mpaka chini ya ukingo wa juu, na pale juu unakuwa umesimama kwa pembe ya nyuzi 55. Kuchora tao hakuhitaji kompyuta. Piga msumari ardhini, funga kamba isiyovutika ya mita 2.1, funga penseli mwisho, chora kwenye plaiwudi. Kata vipande viwili vinavyofanana, visimamishe kimoja kulia kimoja kushoto, mita 2.4 kati yao. Hivyo ndivyo vitakuwa reli zako: ubao mnyoofu utapita juu yake kukata zege likiwa bichi, na tao litajitokeza lenyewe.

Ndani ya ukuta hakujazwi zege tupu, ungefilisika. Tulijaza kifusi, vipande vya matofali na udongo, na kushindilia kila sentimita 15 kabla ya kuongeza tabaka lingine. Tabaka lisiloshindiliwa litashuka baadaye na zege juu yake litabaki limeelea kama ganda la yai. Juu ya kifusi ukaja wavu wa chuma, ukainuliwa kwa biskuti zile zile za zege wanazotumia mafundi wa nyumbani, ili ukae katikati ya unene na si chini kabisa. Ukingoni juu tukalaza bomba la chuma la kipenyo cha milimita 60, limechomoza kama nusu sentimita kutoka kwenye uso wa ukuta. Likichomoza zaidi linakutupa. Lisipochomoza kabisa hulisikii miguuni, na kusikia ndio utamu wenyewe.

Unene wa zege ni sentimita 10. Urefu wa tao ni mita 2.02, upana 2.4, kwa hiyo ujazo ni karibu mita za ujazo 0.49. Huku mfuko wa zege kavu iliyochanganywa kabisa una kilo 36 na unatoa mita za ujazo 0.017. Gawanya, utapata mifuko 29. Sisi tulinunua 32. Kwa bei za hapa ilikuwa chini ya dola 300, tukachanga watu tisa. Mkumbuke hiyo ni tani moja na zaidi, inayotoka dukani kwenye gari ndogo ya mwanafunzi kwa safari nne, na kila mfuko unabebwa mara tatu kabla haujawa ukuta. Ukimaliza utajua kwa nini nasema tuko tisa na si watatu.

Kwenye kumwaga, mwalimu wetu hakuwa mimi. Ni mzee mmoja kutoka El Salvador anayekaa Langley Park, fundi wa zege kwa miaka mingi. Tunamwita Don, kama vile sisi tunavyomwita mtu Mzee au Fundi. Alikuja siku ya kwanza kwa udadisi tu, akatuangalia kwa dakika kumi mikono nyuma, kisha akanipokonya ndoo ya maji. Hiyo ndoo ndiyo somo lote. Saruji haikauki kama nguo. Inaungana na maji kikemia na kuwa jiwe. Kwa muungano huo, kilo 100 za saruji zinahitaji kama kilo 25 tu za maji. Unaweka zaidi, kama 45, ili zege liweze kufanyiwa kazi. Ukifika 70 kwa sababu mikono imechoka na zege jepesi linakorogeka vizuri, yale maji ya ziada yatatoka baadaye na kuacha matundu, na matundu ni udhaifu. Mfuko wetu wa kilo 36 ulikula kama lita 3 tu. Kwa ukuta uliopinda kuna sababu ya pili: zege la maji linateremka. Don anafinya donge kwenye kiganja. Likibaki na umbo la vidole, twende. Likimeremeta na kuchuruzika, anatikisa kichwa na kuita mfuko mwingine.

Unaanza kumwaga chini kwenda juu, unakata kwa ule ubao, unasugua kwa kipande cha mbao, halafu unasubiri. Kusubiri ndio kugumu. Maji yanapanda juu na kung'aa, na kila kijana anataka kuanza kulainisha. Ukilainisha wakati huo unayafungia maji chini ya ngozi, na ngozi itabanduka. Subiri mng'ao upotee, bonyeza na dole gumba: likiacha alama ndogo bila kuzama, ndipo mwiko wa chuma unapoanza, kwa mviringo, mara ya kwanza kwa mkono mwepesi, za baadaye kwa kukandamiza. Siku ya jua ni dakika 40, siku ya mawingu inaweza kuwa saa mbili. Tulikula chapati za Mkenya hapo.

Na hapa nataka niseme kuhusu niru, maana najua mtaniuliza. Kila mtu aliyekulia pwani anaijua sakafu ya niru: saruji kavu inanyunyizwa juu ya sakafu mbichi, inasuguliwa kwa mwiko mpaka inang'aa kama sahani, na mama anaipiga deki miaka 30. Nilipoona tunahitaji uso laini nilifurahi, nikijua kazi hii tunayo kwenye damu. Nikaisoma zaidi kabla ya kuipendekeza, na jibu ni hapana, si nje, si Maryland. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Majira ya baridi hapa yanaganda usiku na kuyeyuka mchana, mara nyingi kwa msimu mmoja. Ngozi ya niru ni saruji nyingi juu ya zege lenye saruji kidogo, vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa tofauti, na maji yakijipenyeza kati yake na kuganda, ngozi inainuka kama ganda la chungwa. Dawa ya baridi ni kinyume chake kabisa: zege lililotiwa kemikali inayotengeneza vipovu vidogo mno vya hewa, ambamo barafu inapata pa kutanukia. Nalo lina masharti yake, ukilisugua sana kwa chuma unaliharibu vipovu vya juu na linatoa malengelenge. Kwa hiyo tunalilainisha kiasi, si mpaka kioo. Don aliponiona namwonyesha kwenye simu picha ya sakafu ya bibi yangu kule Pangani, aliiangalia muda mrefu, akasema kwao pia wanazo.

Baada ya kumwaga, lifunike kwa plastiki, liwe na unyevu siku saba. Kufikia hapo lina kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Watu walipiga kelele, wiki nzima bila kugusa! Nikaweka ratiba ya zamu ya kumwagilia kama ya kuchota maji bwenini, na Mganda akalala pale usiku wa kwanza kwenye gari kwa sababu ya paa. Huku paa wanatembea mitaani kama mbuzi, na kwato moja kwenye zege bichi haifutiki.

Viti vya zege ni rahisi, sitavieleza sana: sanduku la mbao, zege, na pembe ya chuma ukingoni ili usimomonyoke unapotelezeshwa. Kilichotusumbua zaidi ni maji ya mvua. Uwanja wa tenisi unaonekana sawa mpaka unyeshe. Tulimwaga ndoo za maji tukaona yanaposimama, tukajaza, na kila kipya tunachojenga kinaachiwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita.

Mambo mawili ya kumalizia kwa wanaotaka kujiunga. La kwanza, helimeti ni lazima kwenye eneo letu, na soma bima yako ya afya ya chuo kabla ya kupanda ubao. Mkono ndio unaovunjika zaidi kwa anayeanza, maana ukianguka unatanguliza kiganja. La pili ni la viza. Kumwaga zege kwenye kiwanja chetu wenyewe ni kujitolea. Lakini watu wanaopita wanaona kazi nzuri, na tayari wawili wametuomba tukawamwagie njia za magari nyumbani kwao kwa "kitu kidogo". Ukiwa na F-1, kitu kidogo hicho ni ajira isiyo na kibali. Tumewapa namba ya mpwa wake Don, ambaye ana leseni.

Ukuta wa pili utamwagwa Aprili, joto likishakaa juu ya nyuzi 5 usiku na mchana, kwa sababu chini ya hapo saruji inasinzia na kuungana polepole mno. Mchoro umeshapita kwa mchungaji, ameomba tusimwage Jumapili. Tuna mabeleshi manne na toroli moja yenye gurudumu linalopepesuka. Tunahitaji makarai, pima maji ndefu, na mtu mwenye pikapu.